Nimebakiza Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti ameagiza kila nyumba iwe na daftari la kuandika inachokiona mtaani. Mwenyekiti mwenyewe ni Seremala wa nyumba ya kwanza, na uenyekiti ameupata kwa sababu karakana yake ndiyo yenye viti vya kututosha wote. Mimi nimechukua daftari langu la zamani la vipimo. Mbele mna viuno na vifua vya watu, nyuma kurasa ni tupu. Nitaandika nyuma.

Kwa atakayesoma: mimi ni fundi cherehani, mjane, miaka hamsini na minne, binti mmoja aliyeolewa mbali. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, dirishani. Mtaa una nyumba kumi na mbili, sita kwa sita, zinatazamana. Tangu mvua zianze zimevunjwa tatu, zote mchana, zote mvua ikiwa kubwa. Wezi hawa wana akili zao. Mvua ikipiga bati husikii hata redio yako mwenyewe, sembuse kufuli la jirani likikatwa. Kwa Baba Pacha walibeba mpaka sufuria lililokuwa jikoni, na chakula chake ndani.

Leo sikuona kitu. Mvua asubuhi na jioni.

Jumatano, 6 Machi

Sikuona kitu. Nimekata suruali mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano karakanani. Viti vilikuwa na vumbi la msasa, kila mtu kaondoka na makalio meupe. Seremala alikuja na filimbi kumi na mbili, kila nyumba yake. Mvua ilikuwa inanyesha, basi Nesi wa nyumba ya kona, mtu asiyependa maneno mengi, akasema tujaribu kwanza. Baba Pacha akatoka mpaka nyumba ya tatu akapuliza mpaka macho yakamtoka. Sisi ndani tukaona mashavu tu.

Nesi akasema, "Sikio likishindwa, tumieni jicho."

Ikaamuliwa hivyo. Kila nyumba itakuwa na kitambaa chekundu na msumari dirishani. Ukipatwa na shida unatundika. Kila nyumba inatazamwa na ile inayoelekeana nayo, na mvua ikianza ni kazi yako kuinua macho. Ukiona chekundu unatoka mbio, na njiani unagonga kila mlango. Atashona nani vitambaa? Wote wakanigeukia mimi. Sikushangaa, mwenye sindano hakosi kazi ya bure.

Nyumba inayoelekeana na yangu ni ya Mwalimu. Mtaa mzima unajua kwamba mimi na Mwalimu huu ni mwaka wa sita hatusemezani. Seremala alisoma majina yetu haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

Niandike sababu, maana daftari ni langu. Alipostaafu ualimu mkuu aliniletea kitambaa cha buluu nimshonee gauni la sherehe ya kumuaga. Wiki ile mume wangu alikuwa kitandani anaumwa, na mimi huku beseni, huku cherehani. Gauni nikalimaliza siku moja baada ya sherehe. Mwalimu akaja mlangoni, mbele ya wateja wangu, akasema, "Fundi, kusoma saa tunafundisha darasa la kwanza." Akaondoka bila gauni. Wiki iliyofuata mume wangu akafa, na yule mama hakuvuka barabara kuniambia pole. Gauni liko kabatini mpaka leo.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshona vitambaa kumi na viwili, pindo pande zote nne, na kitanzi. Cha Mwalimu nimempa Seremala apeleke.

Jumatano, 13 Machi

Mvua saa tatu hadi saa nane. Nimeinua macho mara nane. Mwalimu anakaa dirishani na magazeti ya zamani na kalamu nyekundu, anayasahihisha. Haki ya Mungu, anasahihisha magazeti. Nilicheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Ijumaa, 15 Machi

Nilipoinua macho naye aliinua. Kumbe na yeye ananitazama, ndiyo zamu yake. Hakuna aliyetikisa kichwa.

Jumamosi, 16 Machi

Ametikisa kichwa kunisalimia. Nami nikatikisa.

Jumanne, 19 Machi

Saa tano, mvua kubwa, nainua macho: chekundu. Nilitoka na mkasi mkononi, bila viatu, nikagonga kwa Seremala nikapitiliza. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Yeye amesimama katikati ya chumba ameshika ndoo.

"Shikamoo. Wako wapi?"

"Marahaba. Akina nani?"

"Wezi, Mwalimu."

"Hakuna wezi. Paa linavuja juu ya kitanda, na kitanda ni kizito."

Seremala naye akafika na nyundo. Tukakisukuma kitanda mimi na yeye, bado tunahema. Nilikuwa na maneno ya kusema, na yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa kinywani. Ila Seremala alipotoka Mwalimu aliweka ndoo chini, akakaa, akasema, "Pole ya mumeo, fundi. Siku zile nilikuwa kwa ndugu yangu, niliporudi mlikuwa mmeshazika, na mimi na wewe tulikuwa tumeshakosana. Kila siku nilisema nitavuka kesho."

Yule mama ana miaka sabini na mmoja. Nimekaa naye saa nzima. Hana mtoto, ana mpwa mmoja anayempigia simu mwisho wa mwezi. Wakati naondoka akauliza, "Lile gauni bado unalo?"

Nikamwambia nilishalikata vitambaa vya kufutia mashine. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kiburi kina mizizi mirefu.

Ijumaa, 22 Machi

Nyumba ya tano imevunjwa, mwenyewe yuko kazini, mtazamaji wake alikuwa amesinzia. Wamechukua televisheni na mtungi wa gesi. Baba Pacha anasema laiti tungekuwa na bunduki. Nesi amemwambia kwanza anunue kufuli.

Nimeinua macho mara kumi na nne. Mwalimu ananionyesha kalamu kila nikimtazama, maana yake yupo.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimekasirika na bado nina hasira.

Nina gauni la bibi harusi, hariri nyeupe, mwenyewe anavaa Jumamosi. Nilikuwa naipiga pasi, mvua inanyesha, nainua macho: chekundu. Nikatupa kila kitu nikakimbia. Nagonga kwa Seremala, nagonga kwa Baba Pacha, Nesi ametoka usingizini baada ya zamu ya usiku, tumefika watu sita na silaha za jikoni. Mwalimu amesimama mlangoni na shali yake.

"Kuna kitu kinatembea darini."

Seremala akapanda. Alikuwa paka. Paka na watoto watatu.

Mwalimu akasema, "Basi karibuni mkae, maji ya chai yamechemka." Vikombe sita alikuwa ameshavipanga mezani. Sita. Nikaelewa. Nikanusa harufu ya kuungua mpaka upande wa pili wa barabara, au niliisikia kichwani tu, lakini nilirudi mbio nikakuta pasi imekula tako la hariri, shimo la ukubwa wa kiganja.

Nilivuka tena barabara. Nilimwambia mbele ya wote, "Mwalimu, paa likivuja ita fundi wa paa. Kama huwajui, nitakutafutia mimi mwenyewe, nikuletee mpaka mlangoni. Paka akiingia mwache atoke. Lakini mimi si mtoto wa shule wa kuitwa kwa kengele." Wengine walitazama vikombe. Yeye alianza kuvirudisha kabatini kimoja kimoja.

Nitalala saa nane usiku kwa ajili ya shimo hili.

Jumamosi, 30 Machi

Bibi harusi ameondoka na gauni, nimeficha shimo kwa maua. Hakugundua, au alikuwa na furaha mno.

Mkutano. Nilinyoosha mkono mimi mwenyewe. Nikasema kitambaa kikizoeleka hakuna atakayekimbia, na siku ya mwizi wa kweli mtu ataendelea kula. Nikapendekeza: ukitundika mara tatu bila mwizi, unanyang'anywa kitambaa. Baba Pacha akaunga mkono. Seremala akauliza nani anapinga. Nesi alifungua mdomo akaufunga.

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Akahesabu vidole, taratibu, kama anavyohesabu wanafunzi.

"Paa moja, paka mbili. Basi mimi nimebakiza moja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeandika tarehe ya mtihani. Hoja yangu ikapita.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mwalimu yuko dirishani. Amenionyesha kalamu.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikuona kitu.

Alhamisi, 11 Aprili

Kwa Mwalimu ndoo zimekuwa tatu, naziona kutoka hapa. Bado sijamtafutia fundi wa paa. Sare za shule zimenifika shingoni. Wiki ijayo.

Jumanne, 16 Aprili

Leo niliona anasimama, anakwenda kwenye msumari, anashika kitambaa, anakaa tena nacho mapajani. Nikasubiri. Hakutundika. Nikasema moyoni, vizuri, mama amejifunza.

Alhamisi, 18 Aprili

Wiki ya nne bila kuvunjwa nyumba. Seremala anatembea kifua mbele. Watu wanasalimiana mtaani kama ndugu, hata Baba Pacha na yule jirani aliyegombania naye mfereji. Binti yangu kanipigia simu, nikamwambia mama yako sasa ni askari. Akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 25 Aprili, saa nne asubuhi

Mvua kubwa tangu saa mbili. Mafundi wa paa wawili kwa Mwalimu, wana ngazi, sanduku la vifaa na makoti ya mvua. Hatimaye kaita fundi. Nimewapungia mkono, mmoja kanipungia. Hakuna kitambaa.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekaa na kalamu tangu alfajiri. Andika, mama, andika. Ulitaka daftari.

Jana mvua iliacha saa kumi. Nilifungua mlango nipate hewa, nikaona pazia la Mwalimu, nililodhani limeshushwa kwa ajili ya mafundi, bado liko chini, na hilo pazia halishuki mchana. Ngazi haikuwepo. Nilivuka nikipanga la kumtania, kwamba je, sasa umepata paa, tuletee vikombe. Mlango uliegemezwa tu. Nikaita. Nikasikia sauti ndogo kutoka upande wa bafuni, na haikuwa sauti yake, yeye ana sauti ya kupanga wanafunzi mistarini.

Alikuwa chini, mguu umegeukia nje, nusu bafuni nusu ukumbini. Alikuwa amelala pale tangu saa nne na nusu. Muda wa saa tano na nusu, na mimi upande wa pili napachika vifungo kwenye sare za watoto. Meza ilikuwa tupu mahali pa redio. Jiko halipo. Mtungi haupo. Waliondoa mpaka pasi. Ndoo tatu zilikuwa zimejaa na zinamwagika.

Kitambaa kilikuwa mkononi mwake.

Nilitundika mimi. Nilikichomoa vidoleni nikakitundika kwenye msumari wake, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kukiona. Anayetazama dirisha lile ni mimi. Nikatoka barabarani nikapiga kelele mpaka Nesi akaja.

Ni nyonga. Walimsukuma akaanguka, imevunjika.

Jumamosi, 27 Aprili

Askari amekuja, kijana mwenye adabu. Ameuliza nani aliona. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi nilikuwa na daftari chini ya sare, na mstari ule umo ndani yake kwa mwandiko wangu. Nikasema nilikuwa nashona.

Nani anapanda paa mvua inanyesha? Nimejiuliza hilo tangu juzi, na jibu langu la juzi lilikuwa kwamba paa linalovuja hukaguliwa likiwa linavuja. Nilikuwa na jibu tayari. Mtu anayejua kila kitu hana haja ya kuvuka barabara.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda hospitali peke yangu. Wodi ina vitanda ishirini, chake ni cha mwisho, ukutani, hakina dirisha. Amekuwa mdogo. Nesi alishanieleza kwamba kwa umri ule nyonga ni jambo la kuogopwa, siyo kwa sababu ya mfupa, ni kwa sababu ya kulala.

Nilimwamkia. Nikakaa. Nikamuuliza kile nilichokwenda kuuliza. "Mwalimu, kwa nini hukutundika? Ulikuwa nacho mkononi."

Akafikiri. Anapenda kujibu sawasawa.

"Niliwaona wanaweka ngazi. Nikasema mimi sijaita mtu. Nikachukua kitambaa. Lakini nilikuwa nimebakiza moja tu, mwanangu, sikutaka kuiharibu. Nikatazama kwako kwanza nihakikishe. Nikakuona unawapungia mkono. Ndipo nikakumbuka ulisema utanitafutia fundi uniletee mpaka mlangoni. Nikajua umewatuma wewe. Nikawafungulia."

Hakunilaumu. Ningempa cherehani yangu anilaumu. Aliniuliza kama sare zimekwisha.

Hiyo ni mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeikunja ile karatasi ya tarehe 25 mara mbili ili niichane. Nimeikunjua.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Nimeinua macho mara sijui ngapi. Ni dirisha la mtu aliye hospitali, nalitazama hivyo hivyo.

Jumamosi, 4 Mei

Mkutano. Viti vyote vimejaa, kiti cha karibu na mlango hakuna aliyekikalia. Baba Pacha alianza kwa kusema kuna mtu aliyezembea kutazama, na mtu huyo ajulikane. Alinitazama bila kunitazama.

Nikasimama. Nilisema, "Kaeni kimya, nasoma." Nikasoma mstari wote, na tarehe yake, na saa. Mafundi wa paa wawili. Ngazi. Hatimaye kaita fundi. Nimewapungia mkono, mmoja kanipungia. Nikafika hapo, nikasoma na "Hakuna kitambaa". Halafu nikawaeleza alichoniambia hospitali. Neno kwa neno, na lile la kubakiza moja, ambalo sheria yake niliipendekeza mimi.

Nikasubiri wanitemee mate. Kwa kweli nilitaka.

Aliyesema kwanza ni Nesi. "Niliwaona. Nilikuwa natoka kazini, niliwapisha na ngazi yao. Walinisalimia vizuri. Nikadhani fundi cherehani ndiye kawaleta, maana alisema atawaleta."

Mvua juu ya bati.

Baba Pacha akatazama mikono yake. Alisema hivyo hivyo, akiitazama, "Mmoja aliniomba nimshikie ngazi wakati anaishusha kwenye mkokoteni. Nilimshikia."

Mwanamke wa nyumba ya tisa aliwaona. Mzee wa nyumba ya pili aliwauliza kama wana nafasi ya kwake wiki ijayo, wakamwambia watarudi. Mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alidhani kuna mwenzake aliyewaita. Hatukuwa tumelala hata mmoja, hiyo siku tulitazama sana. Tulijuana vizuri mpaka hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Wa mwisho alikuwa Seremala. Alikuwa ameegemea benchi lake, na uso wake umekuwa rangi ya mbao mbichi.

"Walikuja kuomba misumari," akasema. "Niliwapa bure. Nikawaambia, mtengenezeeni vizuri, yule mama ni wetu."

Akatoka nje kwenye mvua akasimama huko. Hakuna aliyemfuata. Nesi akasema ile sheria ya mara tatu ifutwe, na hakukuwa na haja ya kuhesabu mikono. Daftari nimelikabidhi kwa askari, amepiga picha ukurasa akanirudishia. Hakusema kitu juu ya Jumamosi iliyopita, nami nilimwomba radhi hata hivyo.

Jumapili, 5 Mei

Tumepanga zamu za hospitali, asubuhi na jioni. Seremala ameandika ratiba akaibandika juu ya kitanda. Mwalimu ameomba kalamu nyekundu. Ameisahihisha, makosa manne.

Nimemwambia ukweli kuhusu gauni. Akasema, "Nilijua. Wewe huwezi kukata nguo uliyoimaliza." Akasema akitoka atalivaa. Nikamwambia litampwaya. Akasema basi lipunguze, fundi, na safari hii uwahi.

Jumatatu, 6 Mei

Zamu yangu jioni. Anapumua kwa shida. Hakunitambua mwanzoni.

Jumanne, 7 Mei

Mwalimu amefariki saa kumi na moja alfajiri. Mapafu. Seremala ndiye aliyekuwa ameshika zamu.

Jumatano, 8 Mei

Nililitoa gauni kabatini saa sita mchana. Nikalipunguza inchi mbili kila ubavu, nikafupisha mikono, nikalipiga pasi bila kuinua macho dirishani hata mara moja, kwa sababu hakuna wa kutazama. Mpwa wake alikuwa anakuja kulichukua saa tisa. Saa nane na nusu lilikuwa tayari, limening'inia mlangoni. Nimekaa karibu nalo hiyo nusu saa nzima nikilia kwa sauti, na mvua ikanisitiri.

Nimewahi, Mwalimu.

Ijumaa, 10 Mei

Tumezika. Mtaa wote umekwenda. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwishoni. Mimi wangu amekuja na mizigo na hana dalili ya kuondoka.

Jumanne, 14 Mei

Fundi wa mabomba ameingia mtaani, kijana, ana ngazi. Baba Pacha na wenzake wamemzingira na marungu. Nilikimbilia katikati nikamuuliza kijana kaitwa na nani. Kaitwa na Nesi. Nikamtuma mtu kumuuliza Nesi, wakati wote nimemshika kijana mkono. Nesi akaja. Ni kweli. Sentensi moja tu, nani kakuita. Tungekuwa nayo mwezi uliopita.

Jumatatu, 20 Mei

Mpwa amebeba vyombo. Magazeti kayaacha. Nimeyachukua mimi.

Wezi hawajakamatwa. Askari anasema mtaa mwingine, ng'ambo ya soko, umepata mafundi wa paa wawili. Seremala amekwenda huko kwa miguu kuwaeleza wakae wakijua. Karudi ameloa, amesema hawakumsikiliza sana.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zinapungua. Mpangaji ameingia nyumba ya Mwalimu. Msusi, binti mdogo tu, ana mtoto mchanga, na mume ni dereva wa malori anayerudi baada ya wiki mbili.

Jumapili, 26 Mei

Nimekifua kile kitambaa, nikakipiga pasi, nikampelekea. Nimemweleza yote, pamoja na habari ya mkono niliowapungia wezi. Alinisikiliza huku anamnyonyesha mtoto, macho yamemtoka. Nikamwambia atundike kwa lolote. Paa. Paka. Mtoto akikataa kulala. Akikosa mtu wa kuongea naye.

Akatabasamu kwa heshima. "Asante, mama. Ila mimi sipendi kusumbua watu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu.

Jumanne, 28 Mei

Mvua ya asubuhi. Nimetazama mara tisa. Nilimwona anazunguka chumbani na mtoto analia, saa nzima, mdomo wa mtoto wazi na mimi sisikii kitu. Kitambaa kiko juu ya meza ya dirishani, kimekunjwa kama nilivyokikunja. Hakukitundika.

Jumatano, 29 Mei

Mvua imerudi kwa nguvu, labda ndiyo ya mwisho. Nilivuka saa nne. Nilikuta ameketi sakafuni, mtoto amelala hatimaye, na yeye macho mekundu.

"Tundika," nikamwambia.

"Lakini hakuna kitu, mama."

"Ndiyo maana. Tundika."

Nikatoka kabla hajajibu. Nikavuka, nikafunga mlango wangu, nikakaa kwenye cherehani, nikashika kola ya mteja, nikaweka mguu juu ya kanyagio. Nikainua macho. Alikuwa amesimama dirishani na kitambaa mkononi, anasita, na hicho kisimamo nakijua. Kisha akanyoosha mkono. Chekundu.

Nikaacha kola. Nikakimbia. Nikagonga kwa Seremala, nikagonga kwa Baba Pacha, nikagonga kwa Nesi, na wote wakatoka, Seremala na nyundo yake, Nesi bado na kanga ya kulalia, hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Tukasimama mlangoni kwake tunatiririka maji.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," akasema yule binti, na midomo ikaanza kumcheza.

"Vizuri. Kesho tena."

Baba Pacha akamchukua mtoto. Nesi akaenda kuweka maji jikoni bila kuambiwa. Yule msusi alibaki ameshika pindo la kitambaa pale dirishani, hajui akitoe au akiache.

"Mama," akaniuliza, "naruhusiwa mara ngapi?"

Nikamwambia hapa hatuhesabu tena.